Mkwe Aliyetazama Ukuta

Mama yangu alikuwa mwanamke mzito, na hakuwahi kuona aibu kwa hilo. Alipokuwa mzima alipenda kusema kwamba nyama yake yote ameipata kwa ugali wake mwenyewe, hakuiazima kwa mtu. Kisha asubuhi moja, akiwa uani anachekecha unga wa mahindi, upande wake wa kulia ulizima: mkono, mguu na nusu ya mdomo. Tangu siku hiyo uzito ule ukawa wangu.

Nyumba yake iko Kolwezi, katika mtaa wa zamani uliojengewa wafanyakazi wa mgodi. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, baba yangu naye akaichimba mpaka mapafu yakamkataa, akafa na kutuachia vyumba vitatu na sakafu ya saruji. Sakafu hiyo sasa ina ufa mrefu unaopita chumbani kwa mama, kwa sababu vijana wanachimba kobalti chini ya mtaa wetu na ardhi imechoka kubeba watu. Siwalaumu sana hao vijana, nao wana mama zao wanaosubiri kula. Lakini ufa ule niliuchukia, na bado nauchukia.

Mimi na mume wangu tulihamia kwake mama alipougua. Wazee wa ukoo walinung'unika, na walikuwa na sababu. Kwetu watu wa Kasai, mkwe wa kiume na mama wa mke wake huheshimiana kwa mbali. Hawapeani mkono, hawali sahani moja, na wakikutana njiani mwanamume huinamisha macho na kupisha. Kuuona mwili wa mama mkwe ni jambo ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini. Sasa huyu wangu alikuwa analala nyuma ya ukuta mmoja na mkwe wake, na choo ni kile kile.

Walipata njia yao. Mume wangu alipotoka kazini alikohoa kabla ya kupita mlangoni kwa mama. Mama naye aligonga ubao wa kitanda kwa mkono wake mzima, ko, ko, maana yake nimekusikia, pita. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao, asubuhi na jioni. Mimi niliwacheka wote wawili na kuwaambia kwamba hata panya wa nyumba hii wanasalimiana vizuri zaidi.

Kitu kimoja tu mama alikitaka: kukaa barazani mchana. Alikuwa mwanamke wa mtaa, anayejua nani ameoa, nani amefukuzwa kazi, lori la nani limekwama kwenye vumbi. Kulala ndani jua likiwa juu kulimtisha kuliko ugonjwa wenyewe.

"Muntu mwenye kulala muchana," aliniambia kwa ule mdomo wake wa nusu, "bantu banamuzika mbele ya saa yake."

Basi kila siku nilimbeba. Niliingiza mikono yangu chini ya makwapa yake, mama jirani akashika miguu, tukamvuta kutoka kitandani mpaka kwenye kiti cha magurudumu. Mama jirani ni mjane anayeuza vitumbua, ana mikono mifupi yenye nguvu na mdomo usio na breki. Yeye alihesabu, mimi nililia, mama alipiga kelele. Mgongo wangu ukaanza kuniuma mpaka nikawa nashindwa kuinua ndoo, na biashara yangu ya unga sokoni ikalala.

Hospitalini kulikuwa na binti mmoja mtaalamu wa kunyoosha viungo, tuliyemwita kine, kama Kifaransa kinavyofupisha. Alikuja nyumbani, akamfunua mama, akaona alama nyeusi kwenye makwapa.

"Mama, huyu haiko mufuko ya unga," aliniambia. "Ukimuvuta na huu mukono wa kufa, bega itatoka. Na mugongo yako weye mwenyewe itaisha. Njo mutakuwa bagonjwa babili mu nyumba moja."

Aliporudi tena alileta mashine ya kuinulia wagonjwa, ya kuazimwa, imepauka rangi kama bati la zamani. Ilikuwa nguzo ya chuma juu ya miguu miwili inayopanuka, yenye magurudumu madogo. Juu ilikuwa na mkono mrefu, na mwisho wa mkono fimbo ya chuma yenye kulabu nne. Unasukuma pampu kama jeki ya gari na mkono unapanda. Haikuhitaji umeme, na hiyo ilikuwa bahati yetu, kwa sababu umeme wa mtaa wetu ni mgeni asiyevua viatu.

Mama aliitazama kwa jicho moja. "Hii ni grue," alisema. "Munataka kunipakia mu kamyo?"

Grue ni kreni, kamyo ni lori, na kreni tunazijua. Mume wangu ndiyo kazi yake: kiwandani, nje kidogo ya mji, yeye ndiye anayefunga mizigo kwenye ndoano na kumpa dereva wa kreni ishara za mkono, panda, shuka, simama. Ni mtu mpole, lakini nimesikia kwamba kazini anabweka. Mtu akifunga mnyororo huku akiangalia pembeni, anamfukuza hapo hapo.

Kine alitufundisha mimi na mama jirani. Unamlaza mgonjwa kwa ubavu, unatandaza chini yake kitambaa kigumu, kutoka shingoni mpaka mapajani, unamgeuza, unakivuta upande wa pili. Mikanda ya miguu inapita chini ya mapaja na kupishana katikati, asije akateleza. Kitambaa kina vitanzi vinne, kila kitanzi kwenye kulabu yake, na kila kulabu ina kilimi cha chuma ambacho lazima kijifunge nyuma ya kitanzi. Miguu ya mashine ipanuliwe. Kiti kifungwe breki.

"Halafu munamupandisha kidogo tu, sawa kiganja cha mukono," alisema kine. "Munasimama. Munaangalia kulabu yote ine na macho. Munaangalia na sura yake. Njo munaendelea. Na siku zote bantu babili, babili ba kuangalia."

Kile kitambaa mama alikiita mbeleko. Siku ya kwanza alipoinuka hewani, miguu ikining'inia, uso umejikunja kwa woga, alinitazama akasema, "Mi njo nilikubeba. Leo ni weye." Nilicheka na machozi yalinitoka. Tukamshusha kwenye kiti, tukamsukuma barazani, na mtaa mzima ukapita kumsalimia kama bibi arusi.

Kwa muda tulikuwa vizuri. Nasema hivyo ili mtu asifikiri kwamba mashine ile ilikuwa mbaya. Makwapa ya mama yalipona, mgongo wangu ulinyamaza, nikarudi sokoni nusu siku. Tulikuwa na shida moja tu: magurudumu hayakuweza kuvuka ule ufa wa sakafu, kwa hiyo mashine ilibidi iingie upande wa mlango, na mtu wa pili ajibane upande wa dirisha, kati ya kitanda na ukuta.

Kisha mama jirani akasafiri kwenda Dilolo kununua samaki wakavu wanaovuka kutoka Angola. Mama akavumilia kitandani siku ya kwanza. Siku ya pili akakataa chakula. Jumapili ikafika, na wanakwaya wa kanisa lake walikuwa wameahidi kupita kumwimbia. Walipaswa kumkuta barazani. Akina mama wengine wote wa mtaa walikuwa wamekwenda ibadani, dada yangu anaishi mbali, Mbuji-Mayi, na mtu mzima mwingine nyumbani alikuwa mmoja tu, naye alikuwa uani anaosha viatu vyake vya kazi.

Nilimwomba. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni.

"Mama ya batoto, hapana. Ile ni bukwe."

Nilimwambia kwamba bukwe, huo ukwe wake, haumpi mama chakula. Nilisema maneno mengine pia, mimi sina ulimi laini. Ndipo mama, aliyesikia yote kupitia ukutani, akagonga ubao wa kitanda.

"Aingie," alisema. "Asiniangalie tu."

Akaingia. Alikuwa ameshusha kofia mpaka kwenye nyusi, akapita kwa kinyumenyume, akajibana upande wa dirisha na kuugeukia ukuta. Nilikuwa nimemfunika mama shuka mpaka kidevuni, hakuna kilichoonekana ila kichwa chake chenye mvi. Haikusaidia. Mume wangu alinyoosha mikono nyuma ya mgongo wake, akatafuta vitanzi viwili vya upande wake kwa kupapasa, akavipandisha kwenye kulabu kwa kupapasa. Mikono ile inajua ndoano kuliko mikono yoyote ninayoijua.

Nilisukuma pampu. Mama akapanda kiasi cha kiganja. Nikasimama, nikaangalia kulabu zangu mbili. Zake sikuziona, fimbo na kitambaa vilizikinga.

"Zako?" niliuliza.

"Zimeingia," aliuambia ukuta.

Nikasukuma tena. Mama alipotoka juu ya kitanda na kuanza kugeukia kiti, kitanzi kimoja cha mguu, cha upande wa dirisha, kikachomoka. Kilimi kilikuwa kimefungika juu ya kitanzi, si nyuma yake. Mtu mwenye macho angeona mara moja. Mama aliteleza kwa upande, taratibu mwanzoni, halafu kwa ghafla, akaangukia mguu wa chuma wa mashine. Hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo tu, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau, na shuka ikabaki imening'inia juu, mwili wake ukiwa wazi.

Nilipiga magoti nikajaribu kumwinua kichwa. Nilimpigia mume wangu kelele: geuka! Hakugeuka. Alisimama pale, paji la uso limegusa ukuta, mikono yake nyuma inapapasa hewa, inatafuta cha kushika. "Muvalishe," alisema. "Muvalishe, mi nitageuka." Nilimfunika mama kwa kitenge changu mwenyewe, na wakati huo wote yeye alikuwa ameutazama ukuta. Nilimchukia siku ile. Naandika kama ilivyokuwa.

Wanakwaya walifika wakiwa wamevaa sare, wakatukuta tunampakia mama kwenye gari la jirani.

Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika. Hospitalini walisema kwa umri wake na ugonjwa wake hawatampasua, alale tu, mfupa utajishika unavyoweza. Tukarudi naye nyumbani. Kine alikuja akaikagua mashine kuanzia magurudumu mpaka kulabu, akasema nzima. Aliniuliza nani alikuwa mtu wa pili. Nilipomweleza alielewa mara moja, naye ni binti wa Kasai kama mimi.

Wajomba zangu wakaja kuamua, pamoja na wazee wa upande wa mume wangu. Wa upande wetu walisema mkwe amemwangusha mama yetu. Wa upande wake walijibu kwamba amefanya kama adabu inavyotaka, na angemtazama leo tungekuwa tunazungumza jambo baya zaidi. Walizungumza mchana kutwa na hakuna hata mmoja aliyeingia chumbani kumuuliza mwenye nyonga. Mwisho mume wangu akatoa mbuzi wa kuomba msamaha. Wakasema yamekwisha, wakafuta mikono, wakaenda zao. Mbuzi aliliwa, na mfupa ukabaki umevunjika.

Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Mume wangu aliacha kupita mlangoni kwa mama. Alizunguka nyumba kwa nje na kuingia kwa mlango wa jikoni. Mwenzake wa kazini aliniambia kwamba sasa anakagua kila mzigo, anaurudia, anaurudia tena, mpaka dereva wa kreni anapiga honi. Nyumbani alikula akiwa ameinama. Nilijua anaumia, na sikuwa na huruma ya kumpa, yote nilikuwa nimeitumia kwa mama.

"Bukwe eko wapi?" mama aliniuliza siku moja. "Sisikie kukohoa yake."

Bukwe ndivyo alivyomwita mkwe wake. Nikamwambia anachelewa kazini. Aligeuza uso.

Mashine niliiweka pembeni ya chumba, tukaanza kuitundikia nguo. Mama hakutaka kuiona ikimkaribia. Mama jirani aliporudi kutoka Dilolo alijaribu kumbembeleza, akamtania, akamletea vitumbua vya moto, akashindwa. Mama alilala chali huku akitazama bati, na ngozi ya mgongo wake ikaanza kufunguka. Nilimgeuza, nikamsafisha kwa maji ya chumvi, nikampaka dawa, na bado vidonda vilikuwa vikubwa zaidi kila nilipovifunua. Kuna harufu ambayo mwanamke msafi akiisikia inatoka mwilini mwake mwenyewe huacha kuzungumza. Mama aliacha kuzungumza.

Mfupa uliposhika kidogo, kine akaniita nje. Alisema kwamba sasa mama lazima akae wima kila siku. Asipokaa, kifua kitajaa maji na tutampoteza. Aliniambia wazi, bila kuzunguka, nami namshukuru. Niliingia nikamweleza mama vile vile, wazi. Alinisikiliza, macho yake yakaenda kwenye mashine, yakarudi.

"Muite bukwe," alisema.

"Mama jirani yuko hapa, tutakuinua sisi wawili."

"Muite bukwe."

Mume wangu alikuwa jikoni. Alisimama mlangoni na kofia yake ile ile, macho kwenye sakafu, na nikaona anatafuta ukuta wake. Mama aligonga ubao.

"Hapana ukuta," alisema. Kila neno lilimchukua muda. "Kule kwa kazi yako, unafungaka bitu bila kuangalia?"

"Hapana, mama."

"Basi mi njo kitu kidogo kuliko chuma?"

Machozi yalikuwa yanamtoka mume wangu, yanadondoka kwenye viatu vyake.

"Tata," mama alisema, yaani baba, na hakuwahi kumwita hivyo kabla, "uniangalie."

Wanasema macho hayana pazia. Ya mume wangu yalikuwa nalo tangu siku aliyonioa, na nilimwona akilivuta kwa nguvu kama mtu anayeinua jiwe. Alivua kofia. Aliinua uso akamtazama mama: mdomo uliopinda, shingo iliyokonda, bega lililoanguka, mkono mmoja umekunjika kifuani. Mama alimwacha amtazame mpaka alipotosheka.

Kisha mume wangu akafanya kazi yake. Alizunguka kitanda, akapishanisha mikanda ya miguu, akaingiza kila kitanzi, akavuta kila kilimi kwa kidole. Aliita kwa sauti, kama anavyofanya kiwandani: "Hii iko ndani. Hii iko ndani." Nilimpandisha mama kiasi cha kiganja. Akasimamisha mkono hewani, simama, akaangalia kulabu zote nne, halafu uso wa mama.

"Mama, unasikia bubaya mahali yoyote?"

"Hapana. Endesha grue yako."

Tulimtoa barazani. Mvua ya kwanza ilikuwa imepita, vumbi limelala, malori yanapanda polepole kuelekea barabara ya Mutoshi. Mama aliuliza lile jipya ni la nani. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi, mbali kidogo, akamjibu bila kuinamisha macho. Walizungumza habari za malori mpaka jua likapungua, watu wawili ambao maisha yote walikuwa wamezungumza kwa kikohozi na ubao. Mimi nilikaa nyuma yao nikichambua maharage. Nilikuwa na furaha, na furaha hiyo iliniuma kwa sababu nilikuwa nimeshaona vidonda.

Alikaa barazani siku chache tu. Vidonda vilikuwa vimekwenda ndani kuliko tulivyojua, homa ikampanda, na mvua ilipokolea akafa mchana, kitandani, jambo alilokuwa analiogopa. Kine alikuja kuichukua mashine. Aliifuta vumbi kwa kanga yake kabla ya kuipakia.

Makaburini, mkwe husimama nyuma, pamoja na watu wa upande wake. Jeneza la mama lilikuwa zito, nimeshasema alikuwa mwanamke mzito, na vijana wanne wa kanisa walizishika kamba, kila mmoja akiangalia upande wake. Mume wangu akatoka nyuma. Mjomba wangu mmoja alinyoosha mkono kumzuia, na mwingine akaushusha ule mkono. Alizikagua kamba zote, akafungua moja akaifunga upya. Kisha akasimama kwenye ukingo wa kaburi na kunyoosha kiganja chini, ishara ya kazini kwake: shuka, shuka, taratibu. Hakuliondolea macho lile jeneza mpaka lilipotulia kwenye udongo mwekundu.

Vijana walivuta kamba zao. Watu walisubiri aondoke ili waanze kufukia. Yeye alikohoa, kile kikohozi chake cha mlangoni kwa mama, na akabaki amesimama pale akisubiri ubao ugongwe.